Mteremko wa Kabla ya Mwisho

Wiki ya nne sasa Brina hakuwa amelala usingizi wa kutosha. Kila siku ilikuwa ile ile: kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kunywa chai aliyopika bibi, shule, kisha kubeba begani skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, na kupanda mlimani kufanya mazoezi hadi giza lianze kuingia. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini ngazi za nyumbani kwao, kijijini Podlaz, alizipanda kama ajuza.

Alivumilia kwa sababu moja. Jumapili kulikuwa na mashindano ya wilaya, na wasichana wawili wa kwanza wangeingia timu ya mkoa. Kwenye mazoezi Brina alikuwa wa pili, akimzidi wa tatu kwa nusu sekunde tu.

Klabu yao ilikuwa na mwiko. Hakuna aliyethubutu kutamka "mteremko wa mwisho", kwani waliamini anayeutaja lazima aanguke. Hata wazee wa kijiji, wakiwa baa, hawakuagiza glasi ya mwisho. Waliagiza ya kabla ya mwisho, na wake zao walijua vizuri maana yake. Watoto nao wakaiga, kila mteremko wakauita wa kabla ya mwisho. Taabu ni kwamba wa kabla ya mwisho haukuwa na mwisho.

Alhamisi jioni Brina alisimama juu ya mlima, mapaja yakimtetemeka.

"Vipi, bibi kizee, miguu imegoma?" Lovro, mwanafunzi mwenzake, akamtania.

"Igome yako!"

"Haya, wa kabla ya mwisho!" Kocha Jerneja aliita kutoka chini, saa ya kupimia muda mkononi.

"Si tumeshashuka wa kabla ya mwisho?" Brina akanong'ona.

"Mara tatu," Lovro akajibu, akacheka, akajitupa mteremkoni.

Brina akamfuata. Kwenye kona ya tatu miguu ilichelewa kumtii. Skii ya kushoto ilinasa kwenye theluji, mwili ukageuka, goti likabaki nyuma. Alihisi kitu kikivutika ndani, na maumivu yakampanda hadi kwenye meno.

"Umeumia?" Kocha alipaza sauti.

"Hapana! Niko sawa!"

Alishuka polepole kwa mguu mmoja na nusu, akafika nyumbani akiwa amechoka hata kulia hawezi.

Mama alikuwa kazini kiwandani, kwa hiyo aliyemwona akichechemea ni bibi yake, Bibi Ančka. Bibi hakuuliza mengi. Alifungua kabati, akatoa chupa ya pombe ya peasi iliyoachwa na marehemu babu. Kwa Bibi Ančka chupa ile ilikuwa dawa ya jino, kiuno, homa na hata huzuni. Aliipasha moto pombe kidogo, akalisugua goti kwa nguvu zote za mikono yake.

"Bibi, pole pole! Na mama usimwambie."

"Nyamaza, mjukuu wangu. Kesho utaruka kama mbuzi."

Kesho yake hakuruka. Goti lilikuwa limevimba kama kabichi na halikukunjika. Mficha maradhi kilio humuumbua, na cha Brina kilisikika hadi barabarani, ambako Kocha Jerneja alikuwa anakuja kumletea namba ya kuvaa kifuani siku ya mashindano.

Kocha aliliona goti, akaiweka namba mezani.

"Nani amelisugua hili?"

"Mimi," Bibi Ančka akasema kwa fahari. "Kwa ile ya marehemu."

"Bibi Ančka, ile ni ya kunywa. Goti lililoteguka ukilisugua na kulipasha moto siku za mwanzo, unazidisha uvimbe."

Kocha akaomba mfuko wa njegere zilizogandishwa kutoka kwenye friji, akauzungushia taulo ili baridi isiunguze ngozi, akauweka gotini kwa dakika kumi na tano. Kisha akalifunga kwa bendeji bila kulibana sana, akauinua mguu juu ya mito miwili. Bibi alitazama akiguna. Baadaye wakampeleka Brina kwa daktari.

"Kano imevutika, haijakatika," daktari alisema. "Wiki sita bila skii."

Brina akaangua kilio, akamgeukia Kocha. "Ningekwambia, ungeniondoa kwenye mashindano!"

"Ningekuondoa, kweli," Kocha akajibu. "Jumapili moja, na labda wiki mbili tatu za kupumzika. Umeteremka na goti bovu hadi chini ya mlima, ukalificha usiku kucha, sasa ni sita."

Akajifuta uso. Naye alionekana amechoka.

"Na mimi nina kosa langu. Niliiona miguu yako ikitetemeka kila ulipofika chini, bado nikaita. Mwili ukichoka, akili huchelewa na goti hulipa. Sikiliza, Brina: kusema umechoka si woga. Ni ukweli, na ukweli ndio kinga ya kwanza, kabla hata ya kofia ngumu."

Jumapili msichana mwingine aliingia timu ya mkoa. Brina alitazama akiwa amekaa kitini, mguu juu, na moyo ukamuuma kuliko goti.

Mwezi Machi alirudi mlimani. Alipasha mwili joto kwanza, akateremka mara tatu vizuri. Walipofika tena juu kwa lifti, vile viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, mapaja yakaanza kutetemeka.

"Wa kabla ya mwisho?" Lovro akauliza.

Brina alivuta pumzi. "Hapana. Ule uliopita ndio ulikuwa wa mwisho. Mimi nashuka na lifti."

Watoto wote wakaitazama theluji kana kwamba ingefunguka immeze. Haikufunguka. Kocha Jerneja, aliyekuwa nao juu siku hiyo, akainama akavua skii zake.

"Hata mimi nimechoka," alisema. "Twendeni zetu nyumbani."