Jiko Baridi la Pine Creek

Asubuhi za likizo, Marlee Stidham alifuatana na mama yake kazini, katika mji wao mdogo wa milimani huko Kentucky. Mama alikuwa mkuu wa shirika lililopokea ruzuku ya serikali na kuigawa kwa vituo vya vijijini, ili watoto wapate chakula cha mchana shule zikifungwa.

Siku moja rafiki yake Josie alikuja kwao kutoka kijiji cha Pine Creek. Alikula mkate wa mahindi na maharagwe kwa pupa.

"Kwani kituoni hawajawapa chakula?" Marlee aliuliza.

"Kituo gani? Pale kuna kufuli tangu tufunge shule!"

Marlee alishtuka. Msimamizi wa kituo kile alikuwa mjomba Wendell, kaka yake mama. Jumapili tu alijigamba mezani kwamba watoto wanakomba masufuria. Tangu hapo kila kitu cha mjomba kilimtia shaka, hata pipi alizowaletea.

Mama alikasirika alipoambiwa. "Wendell ndiye aliyenilea. Usimchafulie jina!"

"Basi twende tukaone, Mama. Bila kumpigia simu."

Mama akachukua funguo za gari.

Walikuta mlango umefungwa. Mjomba alitoka nyumba ya pili akicheka. "Ah, dada! Mbona hukusema unakuja?"

"Fungua."

Ndani jiko lilikuwa baridi, limejaa vumbi na utando wa buibui.

"Leo watoto wamekwenda kuogelea," mjomba alisema.

"Na buibui huyu kafuma utando wote huu leo?" Marlee aliuliza.

Kicheko kilimwisha mjomba. "Jiko liliharibika. Fedha zilipoendelea kuja, nikalipia gari langu. Nilijua hutanikagua, dada. Mimi ni damu yako."

Mama alilia njia nzima. Hata hivyo, siku hiyohiyo aliiarifu serikali. Wakaguzi walikuja, mjomba akaondolewa na kuamriwa kurudisha fedha. Jiko lilitengenezwa, na Bi Opal, jirani wa hapo, akaanza kupika.

Josie na wenzake walipokuwa wakila, Mama alimvuta Marlee kando.

"Nilidhani nikishagawa fedha, kazi yangu imekwisha," alisema. "Nilikosea. Serikali ilinikabidhi mimi, kwa hiyo ni wajibu wangu kuzifuatilia mpaka zifike kwenye sahani ya mtoto. Kumkagua mtu si kumtukana, mwanangu, hata akiwa ndugu. Mimi niliona haya kumuuliza kaka yangu, na watoto hawa wakashinda na njaa."