Msukaji Hajulikani

Kila siku kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi moja, kuchana ukindu. Nilikaa uani na bibi yangu, Bi Mwanamkasi, kila mmoja na fungu lake la majani machanga ya mkindu, tukayapasua yawe chane nyembamba za kusukia mikeka. Chane ikiwa nene huku na nyembamba kule, Bibi huitupa bila ya kusema neno. Asubuhi ile alinitupia tano, nami nikanuna, maana mimi ni mwepesi wa kununa.

"Nikazane nini, Bibi, na leo nnakwenda mjini?" nilimwambia.

"Ukindu haujui kama unakwenda mjini," alijibu, akanisukumia fungu jingine.

Kwetu Makunduchi, wanawake wengi hugawana kazi ya mkeka. Mmoja husuka ukili, yaani ule utepe mrefu wa chane za rangi. Mwingine huchukua kili hizo akaziunganisha kwa shazia, sindano ndefu ya kushonea mikeka. Bibi alifanya yote mawili peke yake, na sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilichojua ni kwamba hakuna mshono wa mkeka uliolala kama wa Bibi, na kwamba kila akimaliza huacha uzi mwekundu chini ya pembe moja, akaufunga mafundo matatu. Hiyo ndiyo saini yake.

Jambo jingine nililolijua ni kwamba hatusemi na Bi Mashavu, anayekaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Bibi alikuwa radhi azunguke mtaa mzima kuliko kupita mlangoni pake. Nilikua nimeyakuta hayo, nikayaona ya kawaida kama mvua za masika.

Siku hiyo, Jumatano, darasa letu la sita lilikwenda Mji Mkongwe kuzuru makumbusho. Mwalimu Wakil alitupanga mistari miwili tulipoteremka basini, akatwambia, "Makumbusho si pa kupita mbio. Tazameni, someni, ulizeni. Na mikono kaeni nayo wenyewe." Hilo la mikono alilisema akinitazama mimi, sijui kwa nini.

Tulipita vichochoro mpaka Kiponda, kwenye nyumba moja kubwa iliyofunguliwa karibuni, iliyoitwa Nyumba ya Kale. Kijana aliyetutembeza akiitwa Haitham. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, na alisema upesi upesi kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara mia. Alituonyesha mabuli ya shaba, sanduku lenye misumari ya shaba, na kiti cha mpingo. Chini ya kiti palikuwa na kibao chenye maandishi mengi, jina la fundi aliyekichonga, jina la tajiri aliyekikalia, hata mwaka tajiri huyo aliokufa.

Pembeni ya kiti, ukutani, nyuma ya kamba nyekundu, palitundikwa mkeka wa zambarau na kijani. Rangi zake zilikuwa zimefifia, lakini ulikuwa mzuri hata nikasimama. Mistari ya ukili mmoja ilikutana na ya ukili wa pili bila ya kupishana hata kidogo. Mshono ule niliujua. Niliuona kila siku ya maisha yangu. Nikasoma kibao chake.

"Mkeka wa harusi. Kusini Unguja. Msukaji hajulikani."

Niliyasoma maneno hayo mara tatu, na kila mara damu ilinichemka zaidi. Kumbe aliyekalia kiti anajulikana, aliyesuka mkeka hajulikani.

Wenzangu walikuwa wameshaingia chumba cha pili. Alibaki Mjaka tu, anayekaa dawati moja nami, alikuwa akichora lile sanduku. Nikamwita Haitham.

"Huu mkeka kaufanya bibi yangu," nilisema.

Haitham akacheka. "Kila mtoto wa shamba akija hapa huona kitu cha bibi yake. Juzi mmoja kaniambia lile buli la babu yake. Haya, wenzako wanatungoja."

Neno "mtoto wa shamba" lilinichoma, na kile kicheko kilinichoma zaidi. Sikungoja. Nikaruka kamba, nikashika pembe ya chini ya mkeka, nikaigeuza. Ulikuwapo uzi mwekundu, umefifia, na mafundo yake matatu.

"Wacha hicho!" Haitham alisema, lakini hakusogea aliposimama.

"Njoo uone! Njoo uhesabu!" nilimjibu, nikavuta pembe ile kumwelekea. Nyuzi zilikuwa za zamani. Mshono ulichanika kwa urefu wa mkono wangu, nikabaki nimeshika mkeka ulioachana.

Mlango ulifunguliwa, akaingia mama mmoja mwenye miwani, na Mwalimu Wakil nyuma yake. Alikuwa Bi Nassra, mkuu wa nyumba ile. Alitazama mkeka, akatutazama sisi.

"Nani kafanya hivi?"

Hasira ilikuwa bado haijanitoka. Nilimtazama Haitham na kanzu yake iliyonyooka, na jibu likanitoka lenyewe. "Huyu. Kanivuta mkono, na mkeka ukaja nao."

Haitham alianza kujitetea, Bi Nassra akamzuia kwa mkono. Mjaka aliniangalia, kisha akaangalia chini.

"Salhiya, ni kweli?" Mwalimu Wakil aliniuliza.

"Kweli, Mwalimu."

Bi Nassra alimwambia Haitham akapange vitu ghalani, na asitembeze wageni mpaka atakapoliangalia jambo lile. Kijana wa watu akaondoka. Nami, nisiseme uongo mara ya pili, nilifurahi.

Nilimweleza Bi Nassra habari ya mafundo. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. "Mkeka huu tulipewa na nyumba moja ya hapa mjini," alisema. "Hata wao jina hawakulijua. Basi mlete bibi yako Jumamosi. Akituthibitishia, kibao tutakibadilisha."

Njiani kurudi, Mjaka alininong'oneza, "Mie nimeona. Hakukugusa." Nikamwambia anyamaze. Alinyamaza, lakini alihama kiti.

Nilimkuta Bibi anashona. Nilimmwagia habari yote kwa pumzi moja, isipokuwa ile ya kuchanika, nikangoja afurahi. Bibi aliweka shazia chini.

"Uliwaambia mkeka ni wangu?"

"Nimeyaona mafundo matatu, Bibi."

"Sikukuuliza mafundo. Uliwaambia ni wangu?"

"Naam."

"Nani kakutuma?" alisema, na sauti yake ilikuwa kali hata nikarudi nyuma. Aliingia ndani, akafunga mlango. Siku mbili hakusema nami ila la lazima. Nami nikakasirika, maana nilikuwa nimemtetea, na haya ndiyo malipo.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri alivaa buibui. "Nifuate," alisema. Tukatoka, na badala ya kuzunguka mtaa kama siku zote, alinyoosha njia mpaka mlango wa nne. Bi Mashavu alikuwa amekaa kizingitini anasuka ukili.

"Asalaam alaikum," alisema Bibi.

"Waalaikumu salaam," Bi Mashavu alijibu bila ya kuinua macho. "Salamu naitikia kwa kuwa ni wajibu. Lililobaki liseme hapohapo ulipo."

"Ule mkeka wa harusi umeonekana. Upo mjini, kwenye makumbusho. Wameuandika msukaji hajulikani."

Vidole vya Bi Mashavu vilisimama. Kisha akacheka, kicheko kisichokuwa na furaha hata chembe. "Basi wameandika vilevile ulivyotaka wewe."

Sikufahamu. Bibi alinigeukia, na mara ya kwanza nikamwona ameshindwa kunitazama usoni. "Kili za ule mkeka alizisuka Mashavu," alisema. "Miezi minne. Mimi nikazishona kwa siku tisa. Watu wa mjini walipokuja kuuchukua, wakauliza, kazi nzuri kama hii ya nani? Nikasema, yangu. Mashavu alikuwa kasimama nyuma yangu, kashika ukili wa akiba mkononi. Miaka thelathini na mbili sijamtaka radhi."

"Thelathini na tatu," alisema Bi Mashavu.

"Thelathini na tatu. Na tangu siku hiyo hapana mtu aliyekubali kunisukia, nami nikasuka peke yangu, na haki ilikuwa yao. Huyu mtoto kaja na hasira kwamba jina langu limefichwa. Nami najua jina lililofichwa ni lako, na aliyelificha ni mimi. Nisamehe, Mashavu."

Bi Mashavu aliukunja ukili wake, akauweka pembeni. "Kesho nitakwenda," alisema mwisho. "Sijasema nimesamehe. Nakwenda kuona kazi yangu."

Nilirudi nyumbani nimemkasirikia Bibi kuliko nilivyomkasirikia Haitham. Nilikuwa nimeruka kamba kwa ajili yake, nimegombana, na mkeka nusu yake si wake. Nilimwambia hayo mbele yake. Hakunikemea. "Kasirika," alisema tu. "Una haki."

Jumamosi tulikwenda watu watatu, Bibi upande mmoja wa basi, Bi Mashavu upande wa pili, mimi katikati. Bi Nassra alitupokea, na Bibi hakuzungusha maneno. Aliyarudia yaleyale aliyoyasema kizingitini, tena mbele ya wageni waliokuwa wakipita. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilipomtazama, nilimwona amesimama wima kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Bi Mashavu alikwenda mpaka ukutani, akapitisha vidole juu ya kili zake, moja baada ya moja. Vidole vilipofika pembeni, vikasimama.

"Hapa pamechanwa. Nani kauchana?"

"Mfanyakazi wetu mmoja, bahati mbaya," alisema Bi Nassra. "Niwieni radhi. Nshamwondoa kwenye kutembeza wageni."

Haitham alikuwa mlangoni mwa ghala, na kitambaa cha vumbi mkononi. Hakuwa amevaa ile kanzu, alivaa fulana chakavu. Bibi alimwambia, "Pole, mwanangu," na kijana akainamisha kichwa. Alikuwa amesimama nyuma kidogo, mikono ina kazi, kinywa kimefungwa, na mwingine anamsemea. Ndipo nikamwona Bi Mashavu alivyosimama miaka ile thelathini na tatu iliyopita.

"Si yeye," nilisema. Sauti haikutoka vizuri, nikairudia. "Si yeye. Hakunigusa. Niliuvuta mimi, na nilimsingizia kwa kuwa alinicheka."

Nilimwendea Haitham, nikamwomba radhi. Alichelewa kujibu, nami niliona alikuwa na haki ya kuchelewa. "Nimesikia," alisema. "Na mimi nilikosa kukucheka. Ulinambia kweli, nami sikutaka hata kutazama."

Bibi alinishika bega, tena si kwa upole. "Tangu Jumatano unafoka kwamba watu wamekula jina la bibi yako," alisema. "Na wewe ukachukua jina la mtu ukalibandika kosa lako. Sikiliza, Salhiya. Hasira yako ya mwanzo ilikuwa ya haki. Lakini hasira ya haki ukiitia uongo, haki yote inaharibika, kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Mimi neno moja limenichukua miaka thelathini na tatu kulirudisha. Wewe limekuchukua siku tatu. Usijisifu kwa hilo, ila shika mwendo huohuo, usije ukazeeka na lako kifuani."

"Hotuba baadaye," alisema Bi Mashavu. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa shazia, akanipa. "Kaa chini. Mikono iliyochana ndiyo itakayoshona."

Walituteremshia mkeka, nikashona mpaka adhuhuri. Bi Mashavu alikaa kulia kwangu, Bibi kushoto, na kila nikikosea walinifumulia wote wawili kwa pamoja. Hawakusemezana, lakini mara mbili niliwaona wakipokezana uzi.

Haitham, aliyekwisha kurudishiwa kazi yake na kuvaa tena kanzu, alileta karatasi na kalamu. Bi Nassra akamsomea, naye akaandika kibao kipya: "Mkeka wa harusi. Makunduchi. Kili zilisukwa na Bi Mashavu. Ulishonwa na Bi Mwanamkasi."

Alikisoma kwa sauti. Bibi aliitikia kwa kichwa. Bi Mashavu alimwambia akisome tena, akakisikiliza amefumba macho, kisha akayafumbua akanitazama mimi.

"Hakijesha," alisema. "Andika: ulichanwa na Salhiya, mjukuu wa Mwanamkasi, naye akautengeneza. Hapa tumemaliza mambo ya hajulikani."

Niliona haya mpaka masikioni. Lakini niliichukua kalamu kwa Haitham, nikayaandika maneno hayo kwa mkono wangu.