Mwanasesere Nyuma ya Pipa

Kila Jumamosi, Bijou alipomaliza kuchota maji bombani na kupanda nayo kilima cha Kadutu, mjini Bukavu, alikuta sebule yao imegeuzwa kuwa hospitali. Meza ilitandikwa shuka jeupe. Juu yake alilala Luc, mwanasesere wa kitambaa aliyejazwa mchanga hata akawa mzito kama mtoto mchanga. Mbele ya meza alisimama Olive, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Luvungi. Nyuma yake alisimama mama yake Bijou, Maman Adélaïde, mikono ameifunga mgongoni.

"Mutoto anazaliwa, halii," alisema mama. "Utaanza na nini?"

"Kumupangusa, Madame. Halafu kumufunika, apate joto."

"Basi fanya."

Bijou alitazama kutoka mlangoni, ndoo bado kichwani. Hakuna aliyempokea.

Maman Adélaïde alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi kwa muda mrefu, kisha akaenda Kinshasa kusomea kazi ya kuwafundisha wauguzi. Wakati huo wote Bijou alikaa Walungu kwa shangazi, akimngoja. Sasa mama amerudi, lakini Bijou aliona kama amerudi kwa ajili ya Olive. Hata huyo Luc alishonwa na mama mwenyewe. Bijou, binti wa kumzaa, hakuwahi kushonewa mwanasesere hata wa ukubwa wa kidole!

"Maman, njoo uangalie devoir yangu ya hesabu," aliita, akiinua daftari la kazi ya nyumbani.

"Ngoja kwanza. Olive iko na mutihani Jumatatu."

Siku zote Olive! Bijou akanuna. Mama alipotoka kumsindikiza mgeni wake, Bijou alimnyakua Luc na kumsukumia nje, nyuma ya pipa la maji. "Lala huko, umungoje Olive wako," alimwambia. Mvua ilianza jioni ile ile, na mvua ya Bukavu haina haraka ya kuacha.

Jumapili baada ya misa, Olive alikuja kufanya mazoezi ya mwisho. Luc hakuonekana. Walitafuta chini ya vitanda na nyuma ya mlango, wapi! Mwanasesere wa shule ya uuguzi alikuwa ameharibika, na huyu ndiye aliyetegemewa kwa mtihani.

"Bila bébé hakuna mutihani, Madame," Olive alisema. "Nitangoja mwaka mwingine. Na kule kwetu maternité, nyumba ya kuzalishia, iko na muuguzi mumoja tu, naye amezeeka."

Bijou alidhani angefurahi. Hakufurahi hata kidogo. Olive aliigeukia meza tupu, akaanza kupangusa na kufunika mtoto ambaye hakuwepo, polepole, machozi yakimdondoka juu ya shuka. Moyo ukamchoma Bijou.

"Ni miye nilimuficha," alisema. "Maman, munisamehe."

Akatoka, akarudi na Luc. Alikuwa tope tupu, mshono wa tumbo umeachia, mchanga unamwagika sakafuni. Olive alijishika mdomo. Mama hakupiga kelele. Alileta sindano, uzi na kipande cha kitenge cha zamani.

"Keti. Utamushona weye."

"Miye? Sijue kushona!"

"Nitakufundisha."

Mama akasimama nyuma yake, akaifunga mikono mgongoni. Bijou alishona, uzi ukaenda upande.

"Fumua. Anza tena."

Alijichoma kidole. Akafumua tena. "Maman, si umalize weye? Kwako ni mara moja tu!"

"Ndiyo. Lakini nikimaliza miye, weye utajua nini? Olive akirudi Luvungi, mikono yangu haitaenda naye. Ndiyo sababu ninaifunga mugongoni, ajifunze kutumia yake."

Olive alipangusa macho, akacheka. "Zoea, mudogo wangu. Miye nimeambiwa 'anza tena' mupaka nikajificha chooni nikalia!"

Bijou aliduwaa. Kumbe kile alichokionea wivu kilikuwa hiki? Naye akacheka, akaendelea kushona.

Jumatatu Olive alikuja mbio na blauzi yake nyeupe. Alikuwa amefaulu. "Juri ya mutihani iliuliza ni nani alishona lile tumbo la kupinda," alisema. "Madame akajibu: ni mwanafunzi wangu mwingine."

Bijou aliinamisha uso kwa haya na furaha. Mama akamvuta karibu.

"Bijou, uliniona niko mbali nawe, na hukukosea. Nilikuacha sana. Lakini kisirani chako kingemukosesha Olive mwaka mzima, na watoto wa Luvungi wangekosa muuguzi. Siku nyingine ukisikia wivu, uulete kwangu, uniambie. Usiufiche nyuma ya pipa."

"Ndiyo, Maman."

"Sasa leta ile devoir ya hesabu."

Bijou aliikimbilia. Akaketi mezani, akashika kalamu, na nyuma yake mama akaifunga mikono mgongoni.