Chumba cha Kumpokea Mtoto

Alasiri ilikuwa ya uvivu. Mshonaji alikaa dirishani, mguu juu ya kanyagio la cherehani, lakini cherehani ilikuwa imenyamaza. Mimba yake ya kwanza ilimfanya asinzie ovyo. Mtoto alicheza tumboni, naye akatabasamu macho yakiwa yamefumbwa.

Mume wake alikuwa seremala. Alikuwa amemtengenezea kitanda cha kujifungulia. Alikipiga msasa mpaka mbao zikawa laini kama shavu. Mshonaji naye alishona mapazia ya buluu. Upepo ukipita, chumba kizima kilikuwa kama kinavuta pumzi. Wote wawili walikipenda chumba hicho, na hapo ndipo walipojisahau.

"Mtoto wetu atazaliwa hapa hapa," seremala alisema. "Kule kituo cha afya kuna kelele."

"Mimi nimezaa watano nyumbani," mama mkwe akaongeza. "Wote wazima. Huyu mumeo alitoka analilia kula, na mpaka leo hajashiba!"

Walicheka. Mshonaji alicheka pia, lakini moyoni aliogopa. Kitanda kizuri namna ile, angemwambiaje mumewe kwamba hataki kujifungulia hapo?

Jirani yao alikuwa mkunga katika kituo cha afya. Siku hiyo alikuja kuchukua gauni lake, wakamwonyesha chumba.

"Jamani, kimependeza!" alisema, akikipapasa kitanda. "Sasa niambieni. Mama akishajifungua, damu ikakataa kukata, humu ndani kuna nini?"

"Kuna... mashuka safi," seremala akajibu.

"Shuka litalowa tu, shemeji. Kituoni tuna sindano ya kusaidia mji wa mimba ukaze. Tuna dripu. Mambo yakizidi, kuna gari la kumpeleka hospitali kubwa akaongezwe damu."

"Lakini mke wangu ni mzima. Hajaumwa hata kichwa."

"Hata mzima hupatwa. Hakuna awezaye kujua mapema nani atatokwa na damu nyingi. Na hii ni mimba ya kwanza, hatujui uchungu wake utakwendaje. Tahadhari kabla ya hatari."

Mama mkwe alikunja uso. "Mbona mimi sikupatwa na kitu?"

"Ulibahatika, mama, nasi tunashukuru. Ila bahati hairithiwi."

Seremala alimgeukia mkewe. Hakuwahi kumwuliza swali hili. "Wewe unataka kujifungulia wapi?"

Machozi yalimlengalenga mshonaji. "Kituoni," alisema. "Naogopa kufa nikamwacha mtoto."

Seremala aliketi kitandani. "Basi tutakwenda kituoni. Kwa nini hukuniambia, mke wangu?"

Mkunga aliwaelekeza. Wasikose kliniki. Wapatane mapema na mtu mwenye gari. Waweke tayari kadi ya kliniki, nguo za mtoto na vitambaa safi. Uchungu ukianza, chupa ya uzazi ikipasuka, au damu ikitoka, wasingoje.

Uchungu ulianza asubuhi moja ya mawingu. Gari lilikuja upesi. Mama mkwe aliruhusiwa kukaa na mkwewe, seremala akabaki barazani. Mtoto wa kike alizaliwa salama, analia kwa nguvu.

Kisha damu ikaanza kutoka, na haikukoma.

Mshonaji alihisi kama anaelea. Dari lilikwenda mbali. Sauti ya mkunga ilimjia kama inatoka chini ya maji. "Sindano nyingine! Lete dripu!" Mikono ilimkanda tumbo kwa nguvu. Hakuwa na hofu tena. Alitaka kulala tu, na usingizi ulikuwa mtamu.

"Usilale, mwanangu," mama mkwe alimsihi. "Niangalie mimi. Niangalie!"

Alimwangalia. Polepole dari likarudi mahali pake. Damu ilikuwa imekata. Akawekewa mtoto kifuani, mzito, wa moto, akitafuta ziwa.

Seremala alipoitwa aliingia mbio. Akamkuta mama yake amesimama ukutani, analia.

"Mama, unalia nini? Mtoto ana nini?"

"Hana kitu," mama mkwe alijibu, akijifuta uso kwa kiganja. "Ana mama."