Taa Mbili Zisizowaka

"Usilisimamishe."

Sauti ya Mkuu ilikuwa kavu. Nge aliibana simu kwa bega, macho yake kwenye van ya kijivu iliyokuwa mita themanini mbele.

"Nimekusikia, Mkuu."

"Liache gari lifike mpakani. Saa nne kamili kuna mtu atalipokea. Huyo ndiye tunayemtaka. Ukiharibu, usirudi ofisini."

Simu ikakatwa.

Saa tatu na dakika nane asubuhi. Mvua. Mteremko ulikuwa umeanza: kona kumi na moja mpaka kituo cha mpakani, ukuta wa udongo upande mmoja, korongo upande wa pili. Kobe, dereva wa Nge, aliendesha Hilux kwa mwendo ule ule uliompatia jina.

Jumanne, kadi tatu za rada ya jeshi ziliibwa. Kila moja haikuzidi kiganja. Zikivuka mpaka, ndege za adui zingepita juu ya nchi nzima bila kuonekana. Mwizi alikamatwa, akahojiwa, akafa. Kabla ya kufa alitoa maneno manne: van ya familia, kijivu. Van ikapatikana. Watu wa Nge waliipekua mara mbili, mwenye gari akiwa kazini. Viti, tangi, matairi, mpaka mikoba ya watoto. Wakaambulia patupu.

Mwenye gari alikuwa muuguzi. Majirani walimwita Mama Pacha. Kila Ijumaa alikwenda na wanawe watatu kumwona mama yake ng'ambo, na askari wa mpakani walishamzoea, wakimpungia mkono apite. Nani ana nguvu za kupekua gari lenye pacha wa miaka minne wanaopigania dirisha?

Nge hakuwa mtu wa huruma. Nasema mapema, msije mkanilaumu.

Kona ya pili.

Taa za breki za van zikawaka. Matairi ya nyuma yakaacha njia. Mkia ukaenda mrama kuelekea korongoni, ukaning'inia pale kwa muda wa pumzi moja, halafu ukarudi barabarani.

"Umeona?" Kobe aliuliza.

"Nimeona."

"Magari yale yana kompyuta ya kuyazuia yasiteleze. Hata hayo makuukuu. Ya huyu imelala?"

Nge alikuwa anapiga hesabu. Kona tisa zimebaki. Van ikitumbukia, kadi zinateketea, na mpokeaji anakwenda zake akipiga mluzi. Watoto aliwahesabu mwisho.

"Lipite. Lisimamishe."

"Lakini Mkuu amesema..."

"Mkuu yuko ofisini, miguu juu ya meza. Lipite!"

Dakika moja baadaye Nge alikuwa amesimama kwenye dirisha la van, kizibao cha mkaguzi wa magari kifuani, maji yakimtiririka shingoni.

"Habari ya safari, mama?"

"Nzuri, dada. Kwani nimekosa nini?"

"Hujakosa. Zima injini. Halafu fungua swichi tu, usiwashe."

Hapa ndipo wajanja wengi hujikwaa. Ukifungua swichi, taa zote za tahadhari kwenye dashibodi huwaka sekunde mbili tatu, kisha huzimika. Iliyowaka ikazimika ni nzima. Iliyobaki ikiwaka inakuambia kuna ubovu. Nge alizihesabu. Injini, betri, mkanda, mafuta. Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, haikuwaka. Taa ya kigari kinachoteleza haikuwaka. Taa mbili haziungui kwa pamoja bila mkono wa mtu.

"Hizi mbili zimekwenda wapi?"

"Aa, hizo!" Mama Pacha alicheka. "Zilikuwa zinawaka kila siku tangu mwaka jana, roho inanidunda. Kaka yangu fundi, gereji ile ya pale juu. Juzi akanitengenezea, zikatulia."

Kaka yake. Mdogo wake wa kiume, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, ambaye Mama Pacha alimwita kaka kwa mapenzi tu.

"Na pedeli ya breki je?"

"Inazama kidogo. Kasema mabomba ni mapya, yatazoea."

Yatazoea. Mtu mzima na akili zake alimwambia dada yake hivyo.

Nge alifungua boneti. Pampu ya ABS, boksi la alumini la kadiri ya mkate, ilikuwa mahali pake, safi mno kwa gari la miaka kumi na minane. Lakini mabomba ya breki hayakuingia ndani yake. Yalipita pembeni, shaba mpya, yakaunganishwa moja kwa moja kuelekea magurudumuni, na ungio mojawapo lilikuwa linavuja. Alilegeza skrubu mbili kwa kisu chake cha Leatherman, akachungulia. Matumbo ya pampu yalikuwa yametolewa. Badala yake mlikuwa na nailoni nyeusi, na ndani ya nailoni, kadi tatu.

Fundi alikuwa ameua breki za dada yake ili apate mfuko wa kufichia.

Nge alizitia kadi mfukoni, akarudisha skrubu. "Mama, shuka. Watoto pia. Ingieni kwenye Hilux, mtakaa na dereva wangu."

"Kuna hatari?"

"Shuka."

Saa tatu na dakika ishirini. Kadi zilikuwa mkononi, lakini mpokeaji hakuwa na sura wala jina. Aliyemjua ni fundi. Na fundi akipelekwa chumba cha mahojiano angeweza kunyamaza siku mbili, wengi hunyamaza. Nge alikuwa na dakika arobaini.

"Kobe, kaeni hapa hapa. Redio iwe wazi. Nikipita, nifuate."

Akaigeuza van, akapanda nayo mlima. Kupanda hakuhitaji breki.

Gereji ilikuwa banda la mabati lenye sakafu ya zege iliyolowa oili. Kabla hajashuka, Nge alikibonyeza kitufe cha redio yake ya Motorola iliyokuwa ndani ya koti, akakizungushia utepe kisiachie. Chochote kitakachosemwa ndani ya gari wenzake wa mpakani wakisikie papo hapo. Wao wangemjibu kwa simu.

Fundi alitoka chini ya lori akijifuta mikono kwa tambara. Mtu wa miaka thelathini hivi, uso wa upole, uso wa kumwachia mtoto. Alipoiona van, tabasamu likamkauka.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Mzima. Na wapwa zako wazima." Bastola yake ya Glock ilikuwa imeshatoka. "Ingia. Upande wa usukani."

"Mimi sijafanya..."

"Ingia."

Aliingia. Akauliza waendako.

"Kwa mama yako," Nge alimjibu. "Si leo Ijumaa?"

Wakaanza kushuka. Fundi, kwa ufundi wake, akavuta gia mpaka L ili injini ilishike gari. Nge akairudisha kwenye D, gia ya kawaida, kwa mkono wa kushoto, mdomo wa bastola ukiwa mbavuni mwa mwenzake.

"Dada yako huendesha kwa D."

"Utatuua!"

"Nani atalipokea gari?"

"Gari gani? Mimi ni fundi tu, naletewa kazi..."

Kona ya kwanza. Akakanyaga breki. Matairi yakajifunga, van ikateleza nzima nzima, ikagusa jiwe la pembeni, ikarudi. Fundi alitoa sauti nyembamba ambayo mwanamume hapendi kusikiwa akiitoa.

"Ni kazi nzuri," Nge alisema. "Hata taa haisumbui."

Kona ya pili. Hilux ilikuwa imeegeshwa pale. Pacha walimwona mjomba wao, wakampungia mikono yote minne. Mama yao alikuwa kiti cha mbele, karibu na Kobe, amekaa wima. Fundi aligeuza uso.

"Pedeli inazama! Ungio linavuja, unasikia?"

"Nani alilifunga?"

Fundi aliipiga pedeli mara mbili.

"Nimekuuliza, nani alilifunga?"

"Mimi."

"Ulijua watoto watapita hapa?"

"Nilimwambia aende polepole!" Machozi yakamtoka. "Wallahi nilimwambia. Leo mvua, dada, nenda polepole. Safari moja tu! Jumatatu ningemrudishia pampu yake, iko pale gerejini, nimeifunga kwenye gazeti. Sikuitupa!"

Hilo ndilo alilojivunia. Hakuitupa.

"Kwa nini gari lake?"

"Nani angempekua yeye?"

Kona ya tatu walipita nusu gurudumu likiwa hewani. Nge alifunga mkanda. Fundi alitaka kuufikia wake. Nge alimtazama tu, naye akaurudisha mkono kwenye usukani.

"Mpokeaji."

"Nikikutajia wataniua."

"Wao wako mbali. Kona ya nne ile pale."

Hapo fundi akavunjika. Nimewaona watu wakivunjika kwa kipigo, kwa njaa, kwa kukosa usingizi. Huyu alivunjika kwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Nitasema! Nitasema yote. Ila dada asijue."

"Endelea."

"Alinilea yule. Mama akiwa kazini, yeye ndiye alinibeba mgongoni, na alikuwa mtoto wa miaka kumi. Sina mtu mwingine duniani. Nifunge, niue, lakini asijue kwamba ni mimi. Niahidi."

"Sitamwambia."

"Apa!"

"Naapa. Sitamwambia neno."

Fundi akashusha pumzi. Alimwamini. Watu wakiwa na roho mkononi huamini kirahisi.

"Daktari wa mifugo. Koti la kijani, Land Rover nyeupe, kwenye zizi la kuchanjia ng'ombe pale kituoni. Atamwambia dada gari linavuja mafuta, afungue boneti amsaidie. Atatoa kadi mbele ya macho yake, atamwambia aende salama. Ana wageni wawili ndani ya Land Rover. Ndio wenye mali. Basi! Sina zaidi!"

"Sawa."

"Basi simamisha!"

"Dereva ni wewe."

Kona ya tano. Fundi alikanyaga, na kitu kikatoa mlio mfupi chini ya boneti. Pedeli ikaenda mpaka sakafuni, ikabaki huko. Akaikanyaga tena na tena, akimwita Mungu, akimwita mama yake, akimwita dada. Mshale wa mwendo ulipanda. Sitini. Sabini na tano.

Kando ya kona ya sita wachonga barabara walikuwa wameacha lundo la kokoto. Nge alikuwa ameliona jana alipoikagua njia, kama anavyoona kila kitu. Aliirudisha gia L, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, akaupiga usukani kwa mkono wa pili. Aliupiga kwa namna ambayo upande wa dereva ndio utangulie.

Van ikala kokoto.

Kisha ikawa kimya, mvua tu juu ya bati. Mlango wa fundi ulikuwa umeingia ndani, na mguu wake ulikuwa umebanwa chini ya dashibodi, umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Nge alifungua mkanda, akashuka, akajipangusa vioo mabegani. Simu ikaita.

"Tumemkamata," alisema Mkuu. "Koti la kijani, na wageni wawili. Hawakuwahi hata kushuka kwenye gari. Tumesikia kila neno. Kadi?"

"Ninazo."

"Vizuri. Umevunja amri yangu."

"Ndiyo, Mkuu."

Simu ikakatwa.

Hilux ikafika nyuma yao. Mama Pacha alishuka peke yake, akatembea mvuani bila haraka. Fundi alipomwona akajikaza, akatafuta sura ya upole aliyozoea kumwonyesha, akaipata.

"Dada! Dada, breki zimekatika zenyewe! Nilikuwa nalijaribu gari. Namshukuru Mungu hukuwa wewe, dada. Nilikuambia gari limechakaa hili. Watoto hawajambo?"

Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Uliniambia niende polepole," alisema.

Macho ya fundi yakamgeukia Nge.

"Uliapa!"

Nge alifungua koti. Motorola ilikuwa pale, kitufe chini ya utepe, taa yake nyekundu ikiwaka. Kwa muda wa kona sita, redio ya Hilux ilikuwa imesema yote mbele ya mama na watoto.

"Sikumwambia neno," alisema Nge. "Umemwambia mwenyewe."

Mama Pacha alifungua mlango wa nyuma wa van. Akatoa mkoba wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akatoa blanketi la pacha na chupa ya maji. Kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa kimeteleza mpaka mbele, chini ya kiti cha dereva. Akainama, akapitisha mkono kando ya mguu uliovunjika, akakichukua kiatu. Mguu hakuutazama.

"Dada," fundi alinong'ona. "Dada, naumia."

Alikifuta kiatu matope kwa ncha ya khanga yake, akakitia mkobani.

Nge alizipapasa kadi mfukoni. Alimpa Kobe ishara amchomoe fundi, amfunge pingu, ampakie. Hilux ilikuwa ya kazi. Fundi akishalazwa kiti cha nyuma, haikuwa na nafasi ya mwingine.

"Na sisi?" Mama Pacha alimuuliza. Sauti yake haikuwa na kitu ndani. "Sisi tutafikaje kwa mama?"

Nge alitazama Casio yake.

"Kuna basi la saa tano."

Akavuta kofia ya koti kichwani, akaanza kuushuka mteremko kwa miguu kuelekea mpakani, katikati ya barabara, mikono mifukoni. Nyuma yake fundi aliendelea kuita dada, dada, na hakuna aliyemwitikia.