MWACHE MAMA APUMZIKE

Jirani yetu Mama Cherehani anasema hivi: mtoto wa dada yangu alibeba jagi la maji, akaingia chumbani kwa mama yake mgonjwa, akammwagia yote usoni... halafu akacheka.

Ndivyo anavyosimulia mtaa mzima, mguu uko kwenye pedali. Mteja akileta suruali ya kupunguzwa, anaondoka na suruali na hadithi.

Sasa nisikilizeni na mimi.

Maji alimwaga, kweli. Kucheka alicheka, kweli. Yaliyobaki kayashona Mama Cherehani mwenyewe.

Dada yangu anaumwa figo. Hospitali wanamsafisha damu kwa mashine, na kila akitoka huko anarudi kama nguo iliyokamuliwa. Anaanguka kitandani, analala. Mimi nilihamia kwake nipike, nifue, na nimwangalie binti yake, ambaye hata jino la kwanza halijang'oka.

Zamani ukimtekenya mtoto huyu, anacheka mpaka anapaliwa. Bibi yake alifariki humu humu ndani, na haukupita muda mama yake akaanza kuugua. Mtoto akabadilika. Michezo akaacha. Kukojoa kitandani kukarudi. Akitoka shule, anakaa mlangoni kwa mama yake kama mlinzi wa benki.

Dada akifumba macho tu, sufuria inagongwa na kijiko. Nga, nga, nga!

Mtaa ukambatiza Kengele.

"Kengele, mwache mama apumzike," namwambia.

Hapo ndipo anazidisha.

Siku ya jagi, shemeji alirudi kazini akakuta godoro limelowa na mkewe anatetemeka. Hakuuliza. Alimnyang'anya mtoto jagi, akavuta mfuko wa safari, akaanza kuujaza nguo za mtoto.

"Kesho anaenda kwa shangazi yake."

"Mpaka lini, shemeji?"

"Mpaka mama yake apone, au..."

Akasukumia gauni la kulalia la mtoto mfukoni.

Mama Cherehani alikuwa kashaingia, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mpeleke, baba. Huyo si mtoto, ni adhabu. Mama yake anataka kupumzika, yeye anammwagia maji na kukenua."

Kengele alijibanza nyuma yangu, kaning'ang'ania gauni.

Ndugu zangu, mimi si msemaji. Shule niliishia ya msingi, na kwenye vikao vya ndugu kazi yangu ni kumimina chai. Lakini macho ninayo. Na kuna kitu mwalimu wake alikuwa kaniambia: kengele ya mapumziko ikilia, wenzake wanakimbilia nje, yeye anaingia chini ya dawati na kulia.

Mapumziko... Apumzike...

Nikapiga magoti.

"Mwanangu, mtu akipumzika anakuwaje?"

Akanitazama kama vile mimi ndiye mtoto.

"Wanamfunika shuka. Halafu wanambeba. Halafu harudi."

Shemeji aliachia zipu.

"Nani kakwambia?"

Kidole kikanyooka... kwa Mama Cherehani.

"Siku ile bibi hakuamka. Akaniambia usilie, bibi amepumzika."

"Kwa hiyo mama akilala..." nikaanza.

"Namwamsha kabla hajapumzika." Kisha kwa sauti ndogo, "Leo nilimwita, hakuitika. Nikammwagia. Akafumbua macho. Ndio nikacheka."

Mama Cherehani alitafuta kiti, akakosa, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mimi nilitaka kumfariji tu," alisema. Na nilimwamini. Hata mimi neno hilo nililitumia kila siku, bila kujua namwambia mtoto amwache mama yake afe.

Shemeji akaushika tena mfuko. "Hata kama. Mgonjwa anahitaji utulivu."

"Haondoki," nikasema.

"Wewe ni nani kwenye nyumba yangu?"

"Mama yake mdogo. Na mama mdogo ni mama. Ukitaka kumpeleka, nipakie na mimi humo, tuone kama zipu itafunga."

Sauti ikatoka chumbani, nyembamba.

"Nyie! Ninachoumwa ni figo, si masikio. Nileteeni mwanangu, na huo mfuko."

Tukaingia. Dada akamweka mtoto kifuani.

"Bibi yako alikufa. Aliyekufa haamki, hata ummwagie maji ya mto mzima. Mimi huwa nalala. Nikilala nakoroma, muulize baba yako."

"Na wewe utakufa?"

Shemeji alitaka kumnyamazisha. Dada akainua mkono.

"Naumwa sana. Natibiwa, na sijakubali kushindwa. Nikizidiwa nitakuambia mimi mwenyewe. Si jirani."

Kengele akalia. Hakuwa amelia hivyo tangu bibi aondoke... tazameni, hata mimi bado naogopa neno. Tangu bibi afe. Alilia kitoto, makamasi na kwikwi. Dada akachomoa gauni la kulalia kwenye mfuko, akamfuta nalo, akalitupa kabatini. Kisha akachomoa nguo nyingine. Shemeji hakumzuia.

Mnaosema mtoto hajui kitu, anajua. Mkimnyima neno la kweli, atajishonea la kwake, na hilo ndilo litakalomnyima usingizi. Aliyekufa, semeni amekufa. Aliyelala, semeni amelala. Na wewe unayeona nimekosa adabu kuruhusu kifo kitajwe mbele ya mgonjwa, andika maoni yako hapo chini. Nitayasoma nikimaliza kuanika godoro.

Jioni ile macho ya dada yalianza kuwa mazito.

"Nalala, mwanangu. Nalala tu."

Kengele akaweka kiganja karibu na pua ya mama yake. Akasubiri. Pumzi ikaja. Akatikisa kichwa kukubali, kama daktari.

Kisha akamgeukia baba yake, aliyekuwa kasimama mlangoni na lile jagi mkononi.

"Baba, naomba jagi langu. Pumzi isipokuja tu."

Shemeji akanitazama mimi. Mimi nikalitazama jagi.