Jino Lililonyamaza

Siku walipokutana, Subana alikuwa na pini nne mdomoni na maumivu ya gego yaliyokuwa yakimpanda mpaka sikioni. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Chini ya lile paa refu la washonaji, vyerehani ishirini vilinguruma kwa pamoja, na wazazi walisukumana na vitambaa mikononi, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Jina la kuzaliwa la mwanamke huyu lilishasahaulika pale. Wote walimwita Subana, kwa sababu ya ile kofia ndogo ya chuma ya kusukumia sindano, ambayo haikuvuliwa kidoleni mwake hata alipokula.

Mara koti jeupe likatua mezani.

“Mfuko umechanika, dada. Naweza kusubiri?”

Subana akainua macho. Mwanamume mrefu, shati la samawati lililonyooshwa vizuri, suruali yenye mstari wa pasi, na viatu vyeusi vyenye vumbi jeupe visiginoni. Vumbi lile aliliona, akalipuuza. Laiti angeliuliza.

“Unakata uzi kwa meno,” yule bwana akasema.

“Nani kakwambia?”

“Jino lako la mbele. Lina kipengo kidogo, pale pale uzi unapopita. Na sasa hivi unameza mate kwa upande mmoja. Upande wa kushoto unakuuma tangu lini?”

Subana akatema pini. Aliingiza vidole katika mfuko wa koti ili aone umechanika mpaka wapi, akatoka na kipande cha nta ya waridi chenye alama za meno ya mtu.

“Kumbe wewe ni daktari wa meno!”

Yule bwana alifungua kinywa kujibu. Akamtazama mwanamke yule, macho yamejaa machozi ya maumivu na matumaini, akakifunga. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akatabasamu. Balaa lote, wapenzi wasomaji, lilianzia kwenye tabasamu hilo.

Msije mkadhani Subana alikuwa mzembe. Alishakwenda kliniki ya vioo iliyo juu ya benki. Daktari wa pale alimchungulia kinywani kwa muda wa kupiga chafya, akasema, “Mtu mzima unaachaje jino likaoza hivi?” Kisha akamtajia bei ambayo Subana angeilipa kwa kushona sare za shule nzima, walimu wakiwemo. Akaenda hospitali ya umma, akapanga foleni tangu alfajiri, na alipokaribia mlango akamsikia mgonjwa akifokewa ndani: “Tulia! Unalia nini na ganzi nimekuchoma?” Miguu ikageuka yenyewe ikamrudisha nyumbani. Tangu hapo alikuwa akitafuta kitu ambacho dada yake mkubwa, aliyeishi naye, alikiita ndoto ya mchana: daktari wa bei ya maskini, asiyegombeza watu.

Na sasa daktari kaja mwenyewe, kaleta na koti. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Akampenda.

Simu zikaanza. Kila mchana, vyerehani vikipumzika, simu ya Subana ililia, na washonaji wenzake wakakohoa kwa makusudi.

“Gego langu linakusalimia, Daktari.”

“Liambie salamu zimefika. Mwenye gego je?”

“Mwenye gego hajambo, maana umepiga.”

“Sema ‘mpenzi’ basi, nisikie.”

“Nikisema, utanitibu bure?”

“Na nikikutibu bure, utanipenda bure?”

Wakacheka. Lakini kila Subana alipouliza siku ya kutibiwa, sauti ya upande wa pili ilishuka. “Mimi siwezi kukutibu, roho yangu. Mkono unaotetemeka kwa mapenzi haushiki koleo. Nipe muda kidogo, kuna mahali nakutafutia.” Akamletea mafuta ya karafuu na vidonge vya kutuliza maumivu, na maneno matamu kuliko vidonge. Subana akayasimulia maneno yale kwa mtaa mzima.

Dada yake hakucheka. “Mwanamume gani huyo? Ana kisima, mpenzi wake anakufa kiu!”

“Dada, wivu huo.”

“Haya. Wivu.”

Mwezi wa pili Subana alimshonea koti jipya, kitambaa kizito, kola imesimama. Juu ya mfuko akatarizi kwa uzi wa samawati, herufi baada ya herufi: DAKTARI. Yule bwana alilipokea kwa mikono miwili. Akasema asante mara tatu, na mara zote tatu hakumwangalia usoni. Subana akadhani ni haya ya mapenzi.

Kisha, Jumanne moja, jino likanyamaza.

“Limenyamaza!” akapiga kelele kwenye simu. “Nimekunywa maji ya baridi, halijanigusa! Mafuta yako yameliweza!”

Upande wa pili akasikia chombo kikiwekwa mezani.

“Hujanisikia, mpenzi?”

“Lilinyamaza polepole au ghafla?”

“Ghafla, leo asubuhi. Jamani, si ufurahi!”

“Una homa?”

“Nina furaha.”

Hakucheka. “Bonyeza chini ya taya, upande huo huo. Kuna kitu kigumu?”

Subana akabonyeza. Kilikuwepo, ukubwa wa harage, na kilikuwa na joto lake chenyewe. Lakini alikuwa amengoja siku ya furaha miezi mingi, na hakutaka mtu amharibie.

“Hakuna kitu,” akasema.

Basi wakawa wawili wa kufichana. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na jino linalonyamaza bila kutibiwa halijapona. Limekufa, na kilichomo ndani yake kinatafuta njia ya kutokea.

Siku iliyofuata harage lilikuwa ndimu. Subana akajifunga kilemba, ncha yake akaipitisha shavuni, akaamua kwenda kumshtukiza mpenzi wake kazini. Pale mapokezi, kwenye kliniki aliyowahi kumtajia, akamweleza binti wa kwenye dawati jinsi Daktari wake alivyo, mrefu, mpole, shati la samawati.

“Aah, huyo!” Binti akacheka. “Huyo si daktari, dada yangu. Huyo ni fundi wa meno ya bandia. Pita nyuma, mlango wa karibu na tangi la maji.”

Subana hakukumbuka miguu yake ilivyomfikisha. Kilikuwa chumba chembamba chenye dirisha moja. Kuta zote zilikuwa na rafu, na kila rafu ilijaa taya za plasta: vinywa visivyo na nyuso, kila kimoja na jina la mtu kwenye karatasi, vyote vimeachama. Katikati yake alisimama mpenzi wake na aproni ya plastiki, mikono myeupe kwa plasta hadi viwikoni. Nyuma ya mlango lilining’inia lile koti, ndani ya nailoni. Halijavaliwa hata siku moja.

“Subana...”

“Usinitaje.”

“Nilitaka kukwambia.”

“Lini? Ukishanizika?”

Yule bwana alikuwa hamsikilizi tena. Alikuwa akitazama ncha ya kilemba, na uso wake ukabadilika. “Shavu lako. Fungua kinywa nione.”

“Nikufungulie kinywa wewe? Kama nani?”

“Nitukane kesho. Hilo jambo si salama, leo hii hii twende...”

“Miezi mitatu nimetembea na jino bovu nikijivuna kwamba nina daktari! Watu wananicheka, na wewe umekaa hapa na mavinywa yako!” Machozi yakamtoka. Moyo ulimuuma kuliko jino lilivyowahi kumuuma. Njia ya mwongo fupi, na hii ilikuwa imefika mwisho kwenye tangi la maji.

Akaondoka. Simu zikaingia, akazikata zote. Dada akauliza, hakujibiwa. Na ilipofika Ijumaa hata angetaka kujibu asingeweza vizuri.

Jumamosi mchana Subana alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta. Ndimu ilikuwa imehama na kuenea shingoni, ngozi imekaza na kung’aa. Ulimi ulikuwa umepanda, umejaa kinywani. Akisema neno, lilitoka kama la mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Mapajani alikuwa na vipande vya kitambaa cha sare, alivyokuwa akifutia mate. Dada alisimama mlangoni, pochi mkononi.

“Naenda duka la dawa. Nikuletee vidonge vya nguvu zaidi.”

Simu ikalia. Dada akaangalia jina, akamwangalia mdogo wake, na bila kuomba ruhusa akaipokea, akaiweka kwa sauti ya juu.

“Usikate,” sauti ikasema. “Nichukie baadaye, nakuomba. Unaweza kumeza mate?”

Subana akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

“Usiongee. Una subana kidoleni? Gonga. Moja ndiyo, mbili hapana.”

Akagonga chuma cha kitanda. Ngo. Dada akashusha pumzi. Kisha ngo ya pili.

“Ulimi umeinuka?”

Ngo. Wote wakasubiri ya pili. Haikuja.

“Ukilala chali, unapumua sawasawa?”

Ngo. Ngo.

Walisikia kiti kikianguka upande wa pili. “Dada, upo? Msipoteze muda na dawa za dukani. Usimlaze. Mlete sasa hivi chuo cha madaktari wa meno, kile cha nyuma ya hospitali kuu. Wagonjwa wao hulipa kidogo, na leo mwalimu wao yupo. Mlangoni usiseme ‘jino linauma’, watakupangisha foleni. Sema ‘hawezi kumeza.’ Useme hivyo hivyo. Mimi natangulia.”

Dada akamgeukia mdogo wake. “Ndiye yule mwongo?”

Subana akagonga mara moja. Akafumba macho. Kweli, mtu huyu alimdanganya yeye ni nani. Hilo lilikuwa donda bichi. Lakini tangu ile siku ya pini nne, juu ya meno hakuwahi kumdanganya hata mara moja. Yeye ndiye aliyesema hakuna kitu. Akaweka miguu chini, akanyoosha mkono ashikwe.

“Hawezi kumeza,” dada akamwambia mlinzi, na milango ikafunguka.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, miwani inaning’inia shingoni kwa kamba, wanafunzi sita wamemzunguka. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ya Subana. “Hapa hakuna wa kukugombeza, mwanangu. Unaogopa?”

Ngo, kwenye mkono wa kiti.

“Hata mimi. Kwa hiyo tutafanya haraka.”

Walimpasua chini ya taya, wakatoa usaha, wakang’oa gego. Alilazwa siku sita, mrija shingoni na dawa kwenye mshipa. Siku ya tatu mama yule alikuja peke yake, akakaa ukingoni mwa kitanda.

“Jumapili ingekukuta nyumbani, ningekuwa nazungumza na dada yako, si na wewe,” akasema. “Nikwambie jambo. Jina lako lilikuwemo kwenye orodha yangu ya Alhamisi hii, bei ya wanafunzi. Yule fundi wa meno alikuja mara nne kukuombea nafasi. Nikamuuliza, huyu ni nani wako? Akasema, ‘Ni mtu ninayemdanganya.’ Nikamwambia, basi acha kumdanganya. Akasema anaogopa.” Akavaa miwani. “Uoga wake karibu ukuue. Na wako pia.”

Kila jioni ya siku zile sita, Subana aliona viatu vyeusi vyenye vumbi jeupe chini ya pazia la mlango. Havikuingia, naye hakuviita.

Wiki ya tano baada ya kutoka wodini, koti jeupe likatua tena juu ya meza yake. Lilikuwa bado ndani ya nailoni. Mwenye koti alikuwa amekonda, shati lilimpwaya.

“Nataka kutoa maandishi,” akasema.

Chini ya taya ya Subana kovu lilikuwa bado jekundu. Akachukua kifumulio, akaanza na ile D. Alifumua herufi zote saba bila kuinua kichwa, na washonaji wenzake wakasahau kukanyaga vyerehani. Kitambaa kikabaki na matundu madogo madogo, na ukitazama vizuri neno lilikuwa bado linasomeka.

“Hayo matundu hayafutiki,” akasema.

“Najua.”

“Nikikuuliza jambo, utanijibu au utatabasamu?”

“Nitakujibu.”

“Ulikuwa unangoja nini?”

“Nilikuwa nangoja unipende kiasi cha kutoniacha. Halafu ukanipenda, nikazidi kuogopa.” Akatoa kiboksi kidogo mfukoni, akakisukuma mezani. Mtaa mzima ukavuta pumzi. Subana akakifungua, akakuta gego la bandia. Gego zuri, rangi ile ile ya meno yake, limekaa kwenye kipande chake cha ufizi wa waridi.

“Wenzako huleta pete!” dada, aliyekuwa amemletea mdogo wake chakula, akafoka kutoka nyuma ya marobota ya vitambaa.

“Pete ipo, dada. Nimeanza na ninachokijua.” Akamgeukia Subana, na mikono ikamtetemeka kweli, si kwa maneno. “Mimi ni fundi. Sina kliniki. Nina chumba karibu na tangi la maji. Utanikubali?”

Subana akalishika lile gego kiganjani muda mrefu. Kisha akainua kidole chenye kofia ya chuma, akagonga meza ya cherehani.

Ngo.

Mkono ukabaki hewani. Yule bwana akautazama, jasho linamtoka, akiisubiri ya pili kama alivyoisubiri kwenye simu Jumamosi ile. Subana akamwacha asubiri. Aonje naye kungoja.

Halafu akaivua subana, mara ya kwanza mbele ya watu, akaiweka juu ya koti. Akanyoosha mkono mtupu.

“Haya. Pima kidole, fundi.”